Vidonge Pekee Haviponyeshi Pengo

Mwezi wa Julai, kusi likiwa limeshika, jirani yetu mmoja wa kisiwa kidogo alivuka kwa mashua kuja kung'olewa gego la chini. Twasema tangu mwanzo kwamba alihudumiwa kwa ustadi. Ganzi iliingia barabara, gego likatoka pamoja na mizizi yake, naye akawekewa shashi na kukabidhiwa bahasha mbili: moja ya vidonge vya maumivu, na ya pili ya viuavijasumu, vile ambavyo wengi wetu twaviita antibayotiki. Foleni ilikuwa ndefu. Akaambiwa aende zake. Hakuambiwa aiume ile shashi kwa muda gani, wala kwamba asisukutue, wala arudi lini, wala afanye nini iwapo bahari itachafuka.

Jioni ile alisukutua kwa nguvu ili kuondoa ladha ya damu, akatema mara kwa mara, akavuta sigara mbili. Siku ya tatu maumivu yakazuka upya, makali kuliko yale ya jino lenyewe, yakampanda mpaka sikioni. Akadhani vidonge havijamtosha, akazidisha. Tumbo likamharibikia, akaharisha kwa siku nne. Kisiwani kwao hapana tabibu wa meno. Akaagiza dawa dukani ng'ambo, akaletewa kwa mkono wa nahodha antibayotiki ya aina nyingine. Siku ya nane bahari ikatulia, akavuka tena, amekonda na macho yameingia ndani. Tabibu akalisafisha lile pengo kwa maji ya chumvi, akalitia utepe uliorowa dawa yenye mafuta ya karafuu, na usiku ule mtu huyo akalala.

Tumekieleza kisa hiki kwa urefu kwa kuwa si cha mtu mmoja. Kila msomaji wetu wa visiwani anamjua mtu aliyepitia njia hiyo. Na tunapowauliza wenyewe, wote hutwambia neno moja: dawa walipewa, maelezo hawakupewa.

Jino linapong'olewa, mfupa wa taya hubaki na shimo. Damu hulijaza shimo hilo ikaganda, na donge hilo la damu ndilo kifuniko cha jeraha. Chini ya kifuniko hicho nyama mpya huanza kuota katika siku chache, fizi hujifunga katika wiki chache, na mfupa huchukua miezi kulijaza shimo lililobaki. Lau donge hilo litang'oka au kuyeyuka kabla ya wakati wake, mfupa na mishipa ya fahamu hubaki wazi, na kila tone la maji na kila punje ya chakula huvigusa. Waganga wa meno huiita hali hiyo tundu kavu. Aghalabu huzuka kati ya siku ya pili na ya nne. Katika kung'oa meno ya kawaida huwapata wagonjwa 2 hadi 5 katika kila 100. Kwa magego ya mwisho ya taya la chini, hasa yale yaliyozama ndani ya mfupa, idadi yaweza kufika 30 katika kila 100. Wavutaji sigara wamo hatarini zaidi, na vivyo hivyo wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa majira.

Kwa hiyo tundu kavu, kwa asili yake, si shambulio la vijidudu. Ni kifuniko kilichopotea. Kumwongezea mgonjwa huyo antibayotiki ni sawa na kumwitia zimamoto mtu ambaye paa lake limeezuliwa na upepo.

Hatusemi haya kwa kubuni. Mwaka 2021 jopo la kimataifa la Cochrane, ambalo kazi yake ni kupima ushahidi wa tiba mbalimbali, lilitoa mapitio mapya juu ya antibayotiki katika kung'oa meno. Lilikuta kwamba kwa watu wenye afya njema wanaotolewa magego ya mwisho, yapasa watu wapatao 19 wameze dawa hizo ili mmoja wao aepushwe na uambukizo, na watu wapatao 46 ili mmoja aepushwe na tundu kavu. Waliobaki humeza bila faida, na madhara wanayapata kama wengine. Wapo wanaozihitaji kwa kweli: mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye kinga dhaifu ya mwili, mwenye baadhi ya maradhi ya moyo, na yeyote ambaye uvimbe wake unaenea au amepandwa na homa. Hao wapewe, tena bila kusita. Lakini kumpa kila aketiye katika kiti cha meno, kwa sababu tu bahasha zipo na foleni ni ndefu, ni mazoea, wala si tiba. Na mazoea haya yana gharama kwetu sote. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya vijidudu vilivyozoea dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko wengine.

Hapa ndipo linapoingia suala la tumbo, na la kile ambacho wauzaji wa dawa mjini wameanza kukitangaza kwa jina la probayotiki.

Ndani ya utumbo wa kila binadamu wanaishi vijidudu visivyohesabika, na vingi kati yao ni rafiki zetu. Husaidia kusaga chakula na huwazuilia nafasi vijidudu waovu. Antibayotiki haijui rafiki wala adui, ikipita hufagia. Ndiyo sababu jirani yetu aliharisha. Wazo la kuvirudisha vijidudu rafiki kwa njia ya kinywa si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu Élie Metchnikoff, aliyekuwa katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris na aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliyahusisha maisha marefu ya wakulima wa Bulgaria na maziwa yao ya kugandisha. Hayo ya maisha marefu hayakuthibitika, lakini mlango aliufungua. Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya Duniani waliweka maana ambayo inatumika hadi leo: probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji manufaa ya afya. Yazingatiwe maneno mawili humo, hai na kiasi cha kutosha, kwa kuwa biashara nyingi huyaruka yote mawili.

Je, zinasaidia? Kwa kuharisha kunakoletwa na antibayotiki, jawabu ni ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 2012 yalichapishwa Marekani majumuisho ya majaribio 63 yaliyohusu watu 11,811, na hatari ya kuharisha ilipungua kwa asilimia 42 kwa waliopewa probayotiki. Kwa watoto, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba watoto 19 katika kila 100 waliomeza antibayotiki peke yake waliharisha, ilhali miongoni mwa waliopewa na probayotiki walikuwa 8 katika kila 100. Hilo si jambo dogo kwa mtoto wa kisiwani ambaye dripu ya karibu iko ng'ambo ya maji.

Je, huponyesha pengo la jino? Hapo tusidanganyane. Nchini Sweden wagonjwa waliopasuliwa kutolewa magego ya mwisho ya chini walipewa vidonge vya kumung'unya vyenye kijidudu kiitwacho Lactobacillus reuteri, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Waganga walipoyakagua majeraha hawakuona tofauti ya maana katika kupona baina ya waliopewa na wasiopewa. Wagonjwa wenyewe walieleza kwamba walihisi uvimbe kidogo zaidi kupungua na kwamba walilala vizuri zaidi. Faraja hiyo hatuibezi, lakini si uponyaji. Tena upo utafiti wa mwaka 2018 kutoka Taasisi ya Weizmann ya Israel, wa watu wachache, uliokuta kwamba baada ya antibayotiki utumbo wa waliomeza vidonge vya probayotiki ulichelewa kurudia hali yake ya asili kuliko wa wale walioachwa bila kitu. Basi mwananchi anayeshawishiwa kutoa fedha ya wiki nzima kwa kikopo kilichovuka bahari, kikakaa juani bandarini na kisha katika duka lisilo na baridi, ana haki ya kuuliza: vijidudu vilivyomo humu vingali hai?

Mtindi ni habari nyingine, na twausema kwa moyo mkunjufu. Mgonjwa ambaye hawezi kutafuna huhitaji chakula laini, baridi, chenye nguvu. Mtindi ni hayo yote hata kabla hatujafika kwenye vijidudu. Vijidudu hai vya kugandisha vimo ndani yake, ingawa si kila mtindi wastahili kuitwa probayotiki, maana hatujui ni vya aina gani wala ni vingapi. Masharti yake ni ya nyumbani. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe kianzio, kwa kuwa maziwa mabichi yaweza kubeba homa ya brusela na kifua kikuu. Yasijazwe sukari, ambayo ndiyo iliyolitoboa jino hapo awali. Yanywewe kwa kikombe au kijiko, si kwa mrija, kwa kuwa kufyonza hulivuta donge la damu. Anayetumia dawa za jamii ya tetrasaiklini, kama doksisaiklini, au siprofloksasini, ayatenganishe na dawa kwa saa kadhaa, kwani maziwa huizuia dawa isiingie mwilini. Amoksilini haina shida hiyo. Na mgonjwa mahututi, au ambaye kinga yake imedhoofika sana, asianze probayotiki yoyote bila kumwuliza daktari.

Wenzetu hawakukaa kungoja vikopo vya ng'ambo. Mjini Mwanza, tangu mwaka 2004, kikundi cha akina mama kilianza kutengeneza mtindi wa probayotiki uliopewa jina la Fiti, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Nchini Uganda vikundi vidogo vya wafugaji hugandisha maziwa kwa vipakiti vya kianzio cha bei nafuu vyenye aina ya laktobasili iliyochunguzwa sana katika kuharisha. Wafugaji wa Unguja na Pemba wanaohangaika na maziwa yanayochachuka kabla ya kufika sokoni wangefaa kupelekewa maarifa hayo, na maofisa wa mifugo hawana budi kulitazama jambo hili pamoja na wenzao wa afya, ingawa tunajua kwamba ofisi mbili kukaa meza moja ni safari ndefu kuliko ya Mkoani.

Lakini turudi kwenye donge la damu, kwa sababu ndilo lililopotea katika kisa cha jirani yetu, na hakuna mtindi wala kidonge ambacho kingelirudisha.

Anayetoka kung'olewa jino aiume shashi kwa nguvu ya kadiri kwa muda wa nusu saa bila ya kuifungua kila mara kutazama. Kwa saa 24 za mwanzo asisukutue, asiteme kwa kishindo, asifyonze, asinywe chai ya moto, asivute sigara wala asile tambuu. Mate yenye rangi ya damu ayamezee. Ni ya kawaida. Baada ya saa 24 asukutue taratibu maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa gilasi moja, hasa baada ya kula, na meno mengine aendelee kuyapiga mswaki. Damu isiyokoma baada ya kuuma shashi mpya kwa nusu saa, homa, uvimbe unaoshuka shingoni, kushindwa kumeza au kufumbua kinywa: hayo hayangoji kesho, na kwa hayo mashua yakodiwe usiku.

Lipo jambo ambalo hatujaliona katika karatasi yoyote ya hospitali, nalo lawagusa watu wetu mara tano kwa siku. Mwislamu anapotia udhu husukutua mara tatu, na wengi tumezoea kusukutua kwa nguvu. Mgonjwa aliyeambiwa kwa mkato tu asisukutue hujikuta kati ya neno la tabibu na ibada yake, na aghalabu hulitupa neno la tabibu. Ilhali katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu visiwani, kusukutua ndani ya udhu ni sunna wala si faradhi. Kwa siku moja ya jeraha mgonjwa aweza kukuacha, au kuyapitisha maji kinywani kwa upole na kuyaachia yamwagike yenyewe, na udhu wake umetimia. Masheikh wetu wakilisema hilo msikitini mara moja kabla ya Ramadhani, watakuwa wameokoa mapengo mengi. Tabibu naye akilisema akiwa amevaa koti lake jeupe, mgonjwa atamwamini zaidi, kwa kuwa ataona kwamba anazungumza na mtu anayemjua.

Jambo la pili ni karafuu. Mafuta yake yana kiini kiitwacho yujenoli, ambacho hutuliza maumivu na ambacho waganga wa meno wa dunia nzima wamekitumia kwa zaidi ya miaka mia moja. Dawa iliyotiwa katika utepe wa jirani yetu ilikuwa na kiini hicho. Kule Wawi, Chake Chake, kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar hukeneka mafuta kutokana na makonyo na kuyauza hadi nchi za nje. Na mtu wa kisiwa kilicho mbele ya macho ya Pemba alikaa siku tano na mfupa wazi kwa kukosa utepe wenye mafuta hayo. Hatudai kwamba mafuta ya kiwandani yapelekwe moja kwa moja kwenye kinywa cha mgonjwa. Dawa ya jeraha hutengenezwa kwa vipimo, na mafuta matupu huunguza nyama. Wala karafuu iliyopondwa isishindiliwe katika pengo, kwani punje zake huwa takataka nyingine ndani ya jeraha. Twadai tu kwamba dawa hiyo, ambayo si ghali na haihitaji barafu, isikosekane katika kituo chochote cha afya cha kisiwa kidogo, na muuguzi wa kituo hicho afunzwe kuosha pengo na kuliweka utepe. Si kazi ya kupasua. Ni kazi ya mkono mtulivu na taa nzuri.

Tumewahi kujibiwa kwamba antibayotiki hutolewa kwa wingi visiwani kwa sababu mgonjwa hawezi kurudi, na kwa hiyo tabibu huona afadhali kujikinga mapema. Hoja hii twaiheshimu, kwa maana imetoka kwa watu wanaofanya kazi katika hali ngumu. Tabibu anayemwona mgonjwa mara moja tu, akijua kuna bahari baina yao, ana haki ya kuhofu. Lakini hofu hiyo itibiwe kwa kumpatia mgonjwa mahali pa kurudi. Vituo vya afya vya visiwa vidogo vipo, na simu zipo katika mifuko ya watu wengi. Mgonjwa aliyeng'olewa jino Jumatatu akipigiwa Alhamisi na kuulizwa maumivu yanapanda au yanashuka, swali hilo moja litamtofautisha anayepona na aliyepata tundu kavu, kwani maumivu ya kawaida hupungua kila siku, na ya tundu kavu hugeuka nyuma.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Afya ichape karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chetu na herufi kubwa, ikiwa na namba ya simu ya kliniki chini yake na maneno machache juu ya udhu na saumu, na kila anayeng'olewa jino asomewe kabla ya kuondoka, maana wazee wetu wengi husahau miwani nyumbani. Tunaiomba pia iwatake wakuu wa kliniki za meno waandike katika daftari sababu ya kila antibayotiki inayotolewa. Baada ya miezi michache daftari hizo zitasema zenyewe ni bahasha ngapi zilizokuwa na haja.

Jirani yetu amepona. Zile bahasha mbili, pamoja na dawa aliyoletewa na nahodha, zingali juu ya kabati nyumbani kwake zikiwa na vidonge 11, na juzi mkewe alituuliza kama anaweza kumpa mtoto aliyeumwa na koo. Tulimwambia azirudishe kituoni. Alitaka kujua kituo kipi kinazipokea.